Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jinsi "Country Roads" Ulivyopata Kwao Morgantown

Tarehe 6 Septemba 1980 uwanja mpya wa futiboli ya Kimarekani ulifunguliwa Morgantown, mji wa chuo kikuu ulioko kaskazini mwa jimbo la West Virginia. Kocha Don Nehlen wa timu ya Chuo Kikuu cha West Virginia alikuwa anaanza kazi siku hiyohiyo, na wapinzani walikuwa Cincinnati. Kabla ya mchezo, mwimbaji John Denver alisimama akaimba "Country Roads", wimbo ambao umati ule wa watu wapatao 50,000 ulikuwa unaujua tangu zamani. Mchezo uliisha West Virginia 41, Cincinnati 27. Lakini siku ile inakumbukwa kwa wimbo kuliko kwa pointi.

Huyo aliyeimba hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa Roswell, New Mexico, tarehe 31 Desemba 1943, akaitwa Henry John Deutschendorf. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa anga, na mtoto akahamishwa kituo hadi kituo, mji hadi mji, hata jina la Denver alilolichagua ukubwani ni la mji ambao hakuzaliwa wala hakukulia. Bill Danoff, aliyeuanzisha wimbo, alikulia Springfield, jimbo la Massachusetts. Taffy Nivert, mwenzake katika muziki na baadaye mkewe, alikuwa mtu wa Washington. Watunzi watatu, na hakuna hata mmoja wa West Virginia. Danoff alipoanza kuutunga alikuwa hajawahi hata kukanyaga huko.

Jimbo hilo lilikuwa na nyimbo zake lenyewe. Lilikuwa na wimbo rasmi, tena si mmoja, na chuo kikuu kilikuwa na wimbo wake wa mapambano, "Hail, West Virginia", wenye mwendo wa gwaride na maneno ya kujisifu kama ilivyo desturi ya nyimbo za aina hiyo. Nyimbo hizo zilitungwa kwa ajili ya pale. Kwa nini basi wimbo wa wageni ndio ulioingia moyoni? Jibu la haraka ni kwamba ni wimbo mzuri. Ni kweli, ila nyimbo nzuri zinazotaja mahali ni nyingi, na nyingi hazikupata uwanja wa kuimbiwa. Mimi nadhani sababu iko kwingine, na inaonekana mtu akifuata kisa hatua kwa hatua.

Kilianza garini. Mwishoni mwa 1970 Danoff na Nivert walikuwa Maryland, wakielekea kwenye mkusanyiko wa ukoo wa kina Nivert. Barabara waliyopita inaitwa Clopper Road, na siku zile ilikuwa barabara nyembamba ya shamba, inapinda huku na huku. Danoff akaanza kubuni wimbo wa kufupisha safari, juu ya barabara za namna hiyo. Wimbo ukataka jina la mahali. Kwanza alifikiria Massachusetts, kwao. Wenye mazoea ya mashairi wataona mara moja kwamba mizani haikuwa kikwazo: Massachusetts, kwa matamshi ya Kiingereza, ina mizani nne, na West Virginia ina mizani nne. Lolote kati ya hayo mawili lingekaa. Alichagua West Virginia kwa sababu ya sauti yake, na kwa sababu alikuwa na kumbukumbu ya mahali pale, japo ni kumbukumbu ya sikio tu. Alipokuwa mtoto huko Springfield, usiku redio ilikuwa inamletea kituo cha WWVA kutoka Wheeling, West Virginia, chenye mitambo ya nguvu na muziki wa kantri wa Jumamosi.

Hapa naomba msomaji asubiri kidogo. Katikati ya wimbo, pale ambapo sauti inabadilika kabla ya kiitikio kurudi, mwimbaji anasema kwamba redio ndiyo inayomkumbusha nyumbani kwake kulikoko mbali, na kwamba huko njiani anajihisi kama mtu aliyetakiwa kuwa amefika tangu jana. Watu wengi huupita mstari huo bila kuusikiliza. Kwangu ndio moyo wa wimbo wote, na tena ndio sehemu yake ya kweli kabisa, maana mtunzi aliijua West Virginia kwa njia hiyo moja: redio, usiku, mbali. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba ambamo mzee alikuwa anazungusha kitufe cha redio ya mkulima akitafuta kituo cha nchi nyingine anajua jinsi mahali ambapo hujafika panavyoweza kukaa ndani yako.

Sikukuu za Krismasi za mwaka huohuo, wawili hao, wakijiita Fat City, walikuwa wanatumbuiza pamoja na Denver kwenye klabu ndogo ya Washington iliyoitwa The Cellar Door. Usiku mmoja baada ya onyesho waliondoka kuelekea nyumbani kwa Danoff na Nivert kupiga gitaa na kuzungumza. Njiani ikatokea ajali, Denver akavunjika kidole gumba, akapelekwa hospitali. Angeweza kwenda kulala. Badala yake akaja hivyohivyo na kidole kimefungwa, na wenyeji wake wakamwonyesha wimbo ambao walikuwa hawajaumaliza. Nia yao ilikuwa kumpelekea Johnny Cash. Denver aliposikia, akasema ni wake. Walikaa nao hadi alfajiri, wakaongeza, wakapunguza, na katika siku hizohizo za mwisho za Desemba wakauimba jukwaani mle klabuni, maneno wakisoma kwenye karatasi. Watu wakapiga makofi bila kutaka kunyamaza. Denver alikuwa anakaribia kutimiza miaka 27.

Santuri ilitoka Aprili 1971, na kufikia mwisho wa Agosti ilikuwa namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani. Kwenye chati ya kantri, hata hivyo, haikupanda zaidi ya namba 50. Wimbo ambao leo dunia nzima, na hasa wapenzi wa kantri wa Kenya ambao ni wengi na ni waaminifu, wanautaja kama mfano wa kantri, haukupokelewa na wenye kantri yao. Ubishi huo ulimfuata Denver miaka mingi. Mwaka 1975, kwenye tuzo za chama cha muziki wa kantri, Charlie Rich alifungua bahasha, akaona jina la John Denver kama mtumbuizaji bora wa mwaka, akaiwashia kiberiti ile karatasi palepale jukwaani kabla ya kulitangaza jina. Watu wamefafanua kitendo kile kwa namna nyingi. Kwa kisa chetu inatosha kusema hivi: kufikia 1975 Nashville, makao ya muziki wa kantri, ilikuwa bado inajiuliza kama huyu ni mtu wao, wakati Morgantown ilikuwa imeshaamua.

Kuna shutuma moja ambayo haikosekani kila wimbo huu unapotajwa, nayo ni ya jiografia. Ubeti wa kwanza unataja milima ya Blue Ridge na mto Shenandoah, na vyote viwili, kwa sehemu kubwa, viko Virginia, jimbo jirani. Shenandoah unaigusa West Virginia kwenye pembe yake ya mashariki tu, karibu na Harpers Ferry, unapoingia kwenye mto Potomac. Morgantown iko mbali na hapo, upande wa pili wa milima, kwenye mto Monongahela, karibu na mpaka wa Pennsylvania. Wapo wanaodai kwamba wimbo huu hasa ni wa magharibi ya Virginia, na kwamba watu wa West Virginia wanaimba mto wa wenzao.

Shutuma hiyo ina ukweli wa ramani, na mimi siikatai. Lakini inadhani kwamba watu huchagua wimbo wa kwao kwa kuangalia ramani. Tazama vitu vingine vilivyomo ndani yake. Mna mwanamke wa mchimba migodi, asiyezoeana na maji ya buluu. Mna gongo ya milimani, na chozi linalotoka ikikumbukwa. Mna vumbi na giza lililopakwa angani. Hayo hayana haja ya mto kuwa mahali pake. West Virginia ilijitenga na Virginia mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, chuo kikuu kikaanzishwa 1867, na tangu hapo historia ya jimbo imeandikwa kwa makaa ya mawe. Novemba 1968 mgodi wa Farmington ulilipuka, katika kaunti ya Marion inayopakana na ile ya Morgantown, na wachimbaji 78 wakafa. Februari 1972 bwawa la maji machafu ya mgodi lilipasuka Buffalo Creek, kusini mwa jimbo, mafuriko yakaua watu 125. Kati ya misiba hiyo miwili ndipo wimbo ulipotoka. Sisemi kwamba mtu alikaa akapanga wimbo uwe wa kufuta machozi. Nasema kwamba mstari kuhusu mke wa mchimba migodi ulipopigwa redioni mwaka 1971, huko milimani haukuwa pambo.

Na kuna jambo lingine, ambalo kwangu ndilo linalokifungua kisa hiki. West Virginia ni jimbo la kuondoka. Mashine zilipoanza kuchimba makaa badala ya mikono, kazi zikapungua, na familia kwa maelfu zikahamia Ohio, Michigan, Maryland na kwingineko kwenye viwanda na ofisi. Mwaka 1950 jimbo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Sensa ya 2020 ilihesabu chini ya milioni 1.8. Katika majimbo yote ya Marekani, hilo ndilo peke yake lenye watu wachache leo kuliko mwaka 1950. Mtu wa aina hiyo, anayeishi Cleveland au Baltimore na kwao ni mlimani, wimbo rasmi wa jimbo unaosifu vilima ulikuwa haumsemeshi yeye. Unamsemesha aliyebaki. Wimbo wa Danoff umesimama barabarani. Anayeimba hayuko nyumbani. Anaziomba njia zimrudishe. Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza kinalikosa: kwetu. Nyumbani ni nyumba unayolala. Kwetu ni kule unakotajwa hata usipokuwepo. Wimbo huu ni wa kwetu, na mtunzi aliyekuwa hajafika alilipata jambo hilo sawasawa kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa analitazama jimbo kutoka nje, kama wanavyolitazama wale walioondoka.

Sasa chuo. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya santuri kutoka, bendi ya matarumbeta ya Chuo Kikuu cha West Virginia, The Pride of West Virginia, ilianza kuupiga wimbo huu kabla ya kila mchezo wa futiboli wa nyumbani. Haujaacha kupigwa tangu hapo. Naomba tuipe bendi hiyo sifa yake, kwa sababu masimulizi mengi humtaja Denver na kuwaruka vijana wa tarumbeta. Wimbo wa redioni una umri. Unapanda, unashuka, unasahaulika, na mwaka unaofuata watu wana wimbo mwingine. Bendi ya chuo haina haja na chati. Ikiamua kupiga kitu kila Jumamosi ya msimu, inakitoa kwenye mkondo wa mitindo na kukiweka kwenye kalenda, pamoja na mavuno na baridi ya kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anausikia pale. Akirudi baada ya miaka ishirini na watoto wake, anausikia palepale, kwa matarumbeta yaleyale. Denver alipofika uwanjani mwaka 1980, bendi ilikuwa imeshaufanyia kazi wimbo huo kwa miaka minane. Mgeni alipokelewa kwa wimbo ambao wenyeji walikuwa wameshauzoea kuliko yeye. Ndiyo maana siikubali ile hadithi kwamba Denver aliupeleka wimbo Morgantown.

Upo pia utaratibu wa baada ya mchezo, nao unaeleza mengi. Timu ikishinda nyumbani, wachezaji hawakimbilii vyumbani. Wanabaki uwanjani, wanawageukia mashabiki, wanashikana mabega, na wote wanaimba "Country Roads" kutoka mwanzo. Wimbo wa mapambano kama "Hail, West Virginia" una kazi yake mpira ukiwa unachezwa: unasukuma, unachochea. Lakini vita vikiisha, wimbo wa kuchochea hauna pa kwenda. "Country Roads" ni wa mwendo wa pole, sauti yake haipandi mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki, na kiitikio chake kinaanza kwa maneno mawili ambayo hata mlevi atayapata. Hautaji adui yeyote. Ni nadra kuona ushindi wa michezo unasherehekewa kwa wimbo wa huzuni, maana mtu akiusikiliza vizuri, huu ni wimbo wa huzuni. Unaimbwa kwa furaha na watu ambao dakika chache baadaye wataondoka.

Ili kujiridhisha kwamba sijalazimisha maelezo, niliulinganisha na kisa cha jirani. Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville, kina "Rocky Top", wimbo wa mume na mke, Boudleaux na Felice Bryant, walioutunga mwaka 1967 wakiwa Gatlinburg, inasemekana kwa dakika kama kumi, wakipumzika kutoka kwenye nyimbo za taratibu walizokuwa wanaziandika kwa kazi nyingine. Felice alitoka Milwaukee, Boudleaux alikuwa mtu wa Georgia. Wageni tena. Bendi ya chuo ilianza kuupiga mwaka 1972, mwaka uleule. Na maneno yake? Ni ya mtu aliyebanwa na maisha ya mjini, akikumbuka kilima cha kwao ambako hata mahindi hayamei. Mtu aliyeondoka, tena. Tofauti ni kwamba "Rocky Top" ni wa haraka, wa kuruka, na wapinzani wa Tennessee huuchukia kwa jinsi unavyorudiwa mara nyingi katika mchezo mmoja. Tena mpaka leo si wimbo rasmi wa mapambano wa chuo. Rasmi ni "Down the Field". Hata hivyo jaribu kumuuliza shabiki wa Knoxville ni upi wimbo wao.

Serikali, kama kawaida yake, zilifika mwisho. Tennessee iliufanya "Rocky Top" kuwa mmoja wa nyimbo za jimbo mwaka 1982. West Virginia ilichelewa zaidi. Julai 2010, Seneta Robert Byrd wa jimbo hilo alipoagwa mjini Charleston, wimbo rasmi wa jimbo ulipigwa na watu wakaitikia, kisha "Country Roads" ukapigwa kwa fidla na gitaa, na hapo uitikiaji ukawa wa namna nyingine kabisa. Bado haukuwa na cheo chochote kisheria. Mwezi Machi 2014 ndipo bunge la jimbo lilipopitisha azimio la kuufanya wimbo rasmi, ukawa wa nne baada ya nyimbo tatu zilizotangulia. Ni miaka 42 baada ya bendi. Mwaka 2017 ofisi ya utalii ya jimbo ilipata haki ya kuutumia kwenye matangazo yake, na maneno mawili ya kuanzia, yale yanayosema hapa ni karibu na peponi, yakawa kaulimbiu. Denver hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1997, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha ilipoanguka baharini Monterey, California.

Matangazo ya utalii hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba chuo chenyewe kimeanza kuonja ule upande mchungu wa wimbo wake. Idadi ya vijana wa jimbo inapungua, na wanafunzi wamepungua. Septemba 2023 bodi ya chuo, ikikabiliwa na pengo la dola milioni 45, ilipiga kura kufuta programu 28 za shahada na nafasi 143 za walimu, zikiwemo nyingi za lugha za kigeni. Wanafunzi waliandamana. Walimu waliokuwa wamefundisha humo kwa miaka walianza kutafuta kazi majimbo mengine, nao wakaingia barabarani kama wachimba makaa waliowatangulia. Sikusudii kukilaumu chuo kwa kushuka kwa idadi ya watu wa jimbo zima. Ila mahali panapoimba kila Jumamosi kuhusu kurudi, suala la nani ataweza kubaki lingepaswa kupiganiwa kwa nguvu ileile inayotiwa kwenye kiitikio.

Futiboli haijakoma, wala bendi. Jumamosi ya vuli, timu ikishinda, mashabiki huimba mpaka mwisho, halafu wanatafuta magari yao. Wengine hushika njia ya kaskazini kwenda Pittsburgh. Wale wenye kazi na nyumba pembezoni mwa Washington hushika barabara kuu namba 68, wanavuka milima kuelekea mashariki, wanaingia Maryland, na baada ya saa kadhaa wanateremka na barabara namba 270. Karibu na Gaithersburg kuna njia ya kutokea. Kibao kikisomwa gizani, mojawapo ya barabara zinazofikiwa hapo ni Clopper Road.